Taya Inauma, Jino Halina Kosa



Leo sitasema juu ya kaske wala juu ya buti. Nitasema juu ya mlango ambao kila mmoja wetu anaufungua na kuufunga mara nyingi kila siku. Tunakula nao, tunasema nao, tunacheka nao, na hatukumbuki kwamba una bawaba mpaka siku bawaba hiyo inapoanza kulia. Mlango huo ni kinywa. Bawaba yake ni kiungo cha taya.

Kabla ya kuendelea kusoma, fanya jambo hili. Weka kidole kimoja mbele ya sikio la kuume na kingine mbele ya sikio la kushoto. Fungua kinywa polepole, kisha ukifunge. Unasikia kitu kinatembea chini ya ngozi? Hicho ndicho kiungo tutakachozungumza habari zake. Kiko karibu sana na sikio, na kiko karibu na magego ya nyuma. Kwa sababu hiyo, kinapouma, watu wengi husema "sikio linauma," na wengi zaidi husema "jino linauma." Hapo ndipo hasara inapoanza.

Maoni yangu nayasema tangu mwanzo, ili msomaji asinitafute mpaka mwisho: mtu asipoteze jino hata moja kwa sababu ya maumivu ya taya, mpaka ionekane wazi kwamba jino lile ndilo lenye ugonjwa. Kung'oa ni dakika chache. Kukaa na pengo ni maisha yote. Wazee walisema, jino la pembe si dawa ya pengo.

KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Sisemi hivi kwa kuwacheka wengine. Kosa hili nimelifanya kwa mkono wangu.

Nilipotoka shule ya ufundi wa uuguzi, nilipewa kazi katika dispansere moja ya kambi. Nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka, na kila asubuhi mstari wa wagonjwa ulifika mpaka nje. Siku moja akaja dereva wa kamio kubwa, mtu mzima aliyenizidi umri, ameshika shavu la kushoto.

"Munganga," akasema, "jino hili limenitesa miezi miwili. Sitaki dawa tena. Nataka litoke."

Nikamwambia, "Fungua kinywa, baba." Akafungua kidogo tu, tena kwa taabu. Nikaona gego lenye alama nyeusi kidogo. Sikumwuliza jambo lingine lolote. Sikugusa mbele ya sikio. Nikaandika karatasi, akaenda kung'olewa.

Baada ya majuma matatu akarudi. Maumivu yalikuwa palepale. Akasema labda wamekosea, jino baya ni la jirani. Nikampa vidonge, nikamwambia asubiri. Hakusubiri. Alikwenda kwa mtu mmoja anayeng'oa meno kwa pesa kidogo, akatolewa gego la pili. Siku chache baadaye taya ilivimba, akapata homa, akakosa kazi majuma mawili. Na uvimbe ulipokwisha, yale maumivu ya kwanza yalikuwa bado yanamngoja.

Alipokuja mara ya tatu, munganga wa meno alikuwa amefika kututembelea. Yeye hakutazama meno kwanza. Alimketisha yule baba, akaweka vidole mbele ya masikio yake, akamwambia, "Fungua." Kisha akabonyeza nyama ya shavu, pale inapovimba mtu anapouma meno. Yule baba akaruka kitini, akapiga kelele: "Ni hapo! Ni hapohapo!"

Ndipo munganga akaanza kuuliza maswali ambayo mimi ningepaswa kuyauliza siku ya kwanza. Unalala namna gani? Asubuhi taya ni nzito? Bibi yako amewahi kusikia unasaga meno usiku? Kuna jambo gani linalokusumbua moyoni? Yule baba akanyamaza kwanza. Kisha akasema kwamba mtoto wake alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, kwamba yeye mwenyewe alikuwa katika zamu ya usiku, na kwamba bibi yake hulalamika kila mara, anasema, "Unatafuna mawe usiku."

Hakuhitaji kung'olewa hata jino moja. Alihitaji mtu wa kumsikiliza dakika kumi. Mimi sikumpa dakika hizo, na leo anatafuna upande mmoja. Nilimwomba msamaha, naye alinisamehe. Lakini msamaha haurudishi gego.

KIUNGO HIKI KINAFANYA KAZI NAMNA GANI

Sisi watu wa mitambo tunajua kwamba huwezi kutengeneza mashine usiyoielewa. Basi tuielewe.

Taya ya chini ni mfupa mmoja wenye sura ya kiatu cha farasi. Nyuma, kila upande, una kichwa kidogo cha mviringo. Kichwa hicho kinakaa ndani ya kibonde kilicho katika mfupa wa fuvu, mbele kidogo ya tundu la sikio. Katikati ya mifupa hiyo miwili pana kisahani cha nyama ngumu inayonyumbuka. Kisahani hicho kinafanya kazi kama rondela iliyowekwa kati ya vyuma viwili ili visisagane.

Bawaba ya mlango huzunguka mahali pamoja tu. Kiungo cha taya kinafanya zaidi ya hapo. Unapoanza kufungua kinywa, kichwa cha mfupa huzunguka. Unapoendelea kufungua, huteleza kwenda mbele pamoja na kisahani chake. Tena, viungo hivi ni viwili, kuume na kushoto, na vimefungwa kwenye mfupa mmoja. Kimoja hakiwezi kutembea bila mwenzake. Kimoja kikichoka, cha pili kinabeba mzigo.

Kinachoivuta taya ni misuli, yaani nyama zile zenye nguvu zinazosogeza mifupa. Uma meno kwa nguvu sasa hivi, kisha gusa shavu lako na panja la kichwa chako: utaona nyama imesimama ngumu. Ni nyama zenye nguvu nyingi sana. Mungu alizifanya zifanye kazi wakati wa kula, kisha zipumzike. Katika siku nzima, meno ya juu na ya chini ya mtu mzima hayahitaji kugusana zaidi ya dakika chache chache, wakati wa kutafuna na kumeza. Muda mwingine wote, midomo ikifungwa, meno yanapaswa kuachana kidogo. Je, wewe hivi sasa unaposoma, meno yako yameachana au yameumana? Jichunguze.

KWA NINI KINAUMA

Watu huuliza, "Munganga, ugonjwa huu unatoka wapi?" Mara nyingi hautoki mahali pamoja. Ni mambo mengi madogo yanayokusanyika.

Jambo la kwanza ni kuuma meno bila kujua. Dereva anapopita njia yenye mashimo, hushika usukani kwa mikono miwili na kubana meno pamoja na mikono. Anayetoboa mwamba hufanya vilevile. Anayeinua mzigo mzito hufanya vilevile. Fundi wa kuchomea vyuma, akitazama kazi yake saa nzima, hubana meno. Kazi ikiisha, mikono inapumzika, lakini taya inaendelea kubana.

Jambo la pili ni kusaga meno usingizini. Mwenyewe hajui. Anayejua ni yule anayelala karibu naye. Akina mama, mkisikia sauti hiyo usiku, msinyamaze, wala msimcheke baba. Mwambieni asubuhi.

Jambo la tatu ni mawazo. Mwenzetu ana deni, ana mtoto mgonjwa, amesikia uvumi kwamba watu watapunguzwa kazini. Haongei, kwa sababu amefundishwa kwamba mwanaume hujikaza. Neno hilo "kujikaza" ni la kweli kuliko tunavyofikiri: anajikaza kweli, na mahali anapokaza ni taya, shingo na mabega. Sisemi kwamba maumivu yake ni ya kujitungia. Maumivu ni ya kweli, yako katika nyama na katika kiungo. Lakini mawazo ndiyo yanayokaza boloti.

Jambo la nne ni desturi zetu. Kufungua chupa ya pombe kwa meno. Kukata waya au kamba kwa meno. Kutafuna muwa na mahindi makavu ya kuchoma kutwa nzima. Kutafuna shingamu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kuuma kucha. Kulala kifudifudi, taya imekandamizwa na mkono.

Jambo la tano ni ajali: ngumi, mpira wa miguu, kuanguka, au kufungua kinywa kwa muda mrefu sana wakati wa kutibiwa meno. Na wako pia watu wenye ugonjwa wa baridi yabisi unaoshika viungo vingi, na taya haikosi kushikwa.

Maumivu haya huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa wale walio katika umri wa kuzaa. Kwa hiyo, baba, bibi yako akikuambia kwamba taya inamwuma na kichwa kinamgonga kwenye panja, usimwambie anatafuta sababu ya kutopika. Mlete.

JINO AU KIUNGO?

Utajuaje kinachouma? Jibu la mwisho ni la munganga, lakini wewe mwenyewe unaweza kutusaidia sana kwa kutazama mambo haya kabla ya kuja.

Jino gonjwa hushituka ukinywa maji baridi, chai ya moto, au ukila kitu chenye sukari. Huuma likigongwa kidogo. Mara nyingi unaweza kulionyesha kwa kidole kimoja: "Ni hili." Ufizi wake huweza kuvimba au kutoa usaha. Usiku hupiga kama ngoma na kukuamsha.

Kiungo na misuli ya taya huuma zaidi unapotafuna, unapopiga miayo, unapoongea kwa muda mrefu. Mtu akiulizwa mahali, haonyeshi kwa kidole kimoja, anapitisha kiganja chote: shavuni, mbele ya sikio, mpaka panja. Asubuhi taya ni nzito kama imefungwa kamba. Ukibonyeza mbele ya sikio au katikati ya shavu, unayapata maumivu yaleyale unayoyajua. Wengine husikia mlio, "ta," kila wakifungua kinywa. Wengine taya yao hukimbilia upande mmoja inapofunguka. Jitazame katika kioo.

Kipo kipimo kimoja rahisi. Panga vidole vitatu vya katikati vya mkono wako, kimoja juu ya kingine, ujaribu kuvipitisha kati ya meno ya mbele, ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huviingiza vyote vitatu, kwa kuwa kinywa hufunguka milimita 40 au zaidi. Vikiingia viwili tu, taya imefungika kidogo. Kikiingia kimoja tu, njoo leo.

Na huo mlio wa "ta" usiwatishe. Watu wengi wanao, na hawana ugonjwa wowote. Ni kile kisahani kinachoruka kidogo mahali pake. Ikiwa taya inalia lakini haiumi na inafunguka vizuri, haihitaji dawa. Nimemwona kijana aliyekuwa akiivunja taya yake kila saa ili asikie kama bado inalia. Alianza na mlio usio na maumivu, akamaliza na maumivu aliyojitengenezea mwenyewe.

ISHARA ZA KUKIMBIA NAZO LOPITALO

Sasa sikilizeni vizuri. Yako maumivu ya taya ambayo si ya kungoja kesho.

Kwanza, pepopunda, ambayo wengi huiita tetanosi. Vijidudu vyake vinakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na huingia kwa jeraha, hata dogo: msumari, waya, jiwe. Ugonjwa mara nyingi huanza kati ya siku ya 3 na ya 21 baada ya kuumia, na ishara ya kwanza kwa kawaida ni hii: taya inakaza, kinywa hakifunguki, kumeza ni taabu, kisha shingo na mgongo vinakauka. Mtu anaweza kudhani ni jino. Taya ikifungika, na katika majuma yaliyopita ulikuwa na kidonda, usingoje. Ugonjwa huu unaua. Na sindano ya kuukinga ipo. Mtu mzima aliyemaliza sindano zake za kwanza anapaswa kuikumbushia kila baada ya miaka 10. Je, wewe unakumbuka mwaka wako?

Pili, shavu au shingo kuvimba pamoja na homa, kushindwa kumeza mate, au kupumua kwa shida. Huo ni usaha wa jino au wa gego la mwisho lililotoka vibaya, na unaweza kuziba njia ya pumzi.

Tatu, ngumi au ajali, kisha meno hayakutani tena kama zamani, au mdomo wa chini umekufa ganzi. Taya inaweza kuwa imevunjika.

Nne, maumivu ya taya yanayokuja mtu akitembea au akifanya kazi nzito, pamoja na kubanwa kifua, jasho la baridi au kukosa pumzi. Huo si ugonjwa wa taya. Ni moyo unaoita.

Tano, taya iliyobaki wazi. Mtu amepiga miayo mikubwa, au amecheka sana, na kinywa hakifungi tena. Msimpige kofi, wala kijana yeyote asijaribu nguvu zake. Munganga anajua namna ya kuishika taya kwa vidole gumba, kuisukuma chini kisha nyuma, mpaka irudi. Njia hiyo iliandikwa na wafuasi wa Hippocrates wa Ugiriki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mpaka leo ni hiyohiyo. Ikisharudi, mtu ashike kidevu kila akipiga miayo, kwa majuma kadhaa.

Sita, taya, ulimi au shingo kujipinda ghafula baada ya kunywa dawa ya kuzuia kutapika, kama ile iitwayo metoklopramidi. Rudi ulikopewa dawa, ukaseme. Inatibika haraka.

Mwisho, uvimbe mgumu usioondoka, kidonda cha kinywani kisichopona, ganzi, au kukonda bila sababu. Hayo yatazamwe na munganga mkubwa.

MATIBABU YALIYOMO NYUMBANI MWAKO

Ikiwa hakuna hata ishara moja ya hizo, na imeonekana kwamba ni kiungo au misuli, habari ni njema. Kwa watu wengi maumivu haya hupungua katika majuma au miezi michache, bila kisu na bila koleo. Dawa zake nyingi hazinunuliwi.

Pumzisha taya, lakini usiifunge. Kwa majuma mawili kula vitu laini. Hapa sisi wa Katanga tuna bahati: bukari ni laini, sombe ni laini, maharage yaliyoiva vizuri ni laini, samaki ni laini. Nyama ikatwe vipande vidogo. Muwa, mahindi makavu, karanga ngumu na shingamu viache kwanza. Tafuna pande zote mbili.

Kumbuka maneno haya: midomo pamoja, meno mbalimbali. Weka ncha ya ulimi juu, nyuma kidogo ya meno ya mbele, kama unataka kusema "na." Ukikaa hivyo ni rahisi zaidi kuyaacha meno yasiumane. Tafuta alama ya kukukumbusha. Dereva mmoja alibandika kipande cha karatasi nyekundu karibu na usukani. Kila akiiona, analegeza taya na kushusha mabega. Alama hiyo haikumgharimu kitu.

Kanda kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto yasiyounguza, dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya kukanda, sugua shavu na panja taratibu kwa ncha za vidole. Ikiwa umetoka kupigwa leo, tumia baridi siku ya kwanza.

Zoeza taya. Ulimi ukiwa juu kama nilivyosema, fungua kinywa polepole, mara sita, mbele ya kioo, ukiangalia taya ishuke wima bila kwenda upande. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Usilazimishe. Zoezi likiongeza maumivu makali, liache uje tukuonyeshe.

Lala vizuri kadiri unavyoweza. Anayetoka zamu ya usiku apewe nyumba yenye utulivu mchana. Lala chali au ubavu. Kahawa, sigara na lutuku kabla ya kulala huzidisha kusaga meno.

Kuhusu vidonge: mtu mzima anaweza kunywa ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, si zaidi ya mara tatu kwa siku, siku chache tu. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, tensio ya juu, na mama mjamzito, wasiinywe bila kumwuliza munganga. Amoksisilini na tetrasiklini zinazouzwa sokoni moja moja hazitibu kiungo cha taya. Kuna vijidudu gani vya kuua pale? Unamaliza pesa, na unawafundisha vijidudu vya magonjwa mengine kuizoea dawa. Na yale mambo ya kuchanja shavu kwa wembe, au kutia maji ya betri katika jino, siyasemi mara mbili: yanaunguza, yanaleta usaha, na wembe mchafu unaleta magonjwa ya damu.

HATA WAKUBWA WALIKOSEA

Msidhani haraka ya kukata na kung'oa ni ya dispansere ndogo tu. Mwaka 1934 huko Marekani, munganga wa masikio aitwaye James Costen aliandika kwamba maumivu haya na ya sikio hutoka kwa meno yaliyopungua, taya ikasogea na kukandamiza mishipa. Kwa miaka mingi waganga waliinua na kusaga meno ya watu kwa kumfuata. Baadaye ilionekana kwamba maelezo yake juu ya mishipa hiyo hayakuwa sahihi.

Katika miaka ya 1980, hukohuko, wagonjwa wengi walipasuliwa, kile kisahani kikatolewa, pakawekwa kingine cha kutengenezwa kiwandani. Vile visahani vilivunjika vipande vipande na kula mfupa. Kufikia mwaka 1990 serikali yao ilikuwa ikitoa onyo kwa waganga. Watu waliokwenda na maumivu walibaki na maumivu makubwa zaidi.

Mwaka 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo katika gazeti la waganga la Uingereza, BMJ, juu ya maumivu ya taya yaliyokaa muda mrefu. Walisifu nini? Mazoezi ya taya, kukandwa na kunyoshwa na mtu mwenye ujuzi, kuketi na kusimama vizuri, na kumsaidia mgonjwa kupambana na mawazo na desturi zinazoleta maumivu. Walikataa nini kwa nguvu? Kukiondoa kisahani kwa kisu, na vifaa vya kinywani vinavyobadilisha meno moja kwa moja. Sisemi kwamba upasuaji haufai kamwe; wako wachache wanaouhitaji. Nasema uwe wa mwisho, na uamuliwe na munganga mwenye ujuzi wa kazi hiyo.

NENO KWETU SOTE

Kwa wenzangu wa dispansere: mstari ni mrefu, najua. Lakini mtu akishika shavu, tufanye mambo matatu kabla ya kuandika karatasi ya kung'oa. Tuguse mbele ya sikio na shavu. Tupime vidole vitatu. Tuulize habari za usingizi na za moyo. Ni dakika kumi. Yule baba alipoteza meno mawili kwa sababu mimi nilizibania.

Kwa ndugu mashefu wa ekipe: mtu akisema taya inamwuma, msimwambie "jikaze." Hilo ndilo neno lililomfikisha hapo. Mpeni ruhusa aje mapema. Saa moja ya leo ni nafuu kuliko majuma mawili ya baadaye. Tazameni pia kamba za kaske na za maski. Zikae vizuri bila kukandamiza taya.

Kwa kampuni yetu: munganga wa meno aje kambini kwa siku zinazojulikana, na siku hizo zibandikwe mlangoni mwa dispansere. Mtu anayejua siku ya munganga haendi sokoni kwa mwenye koleo. Na daftari la sindano za pepopunda litazamwe mtu kwa mtu, hasa wa mgodini na wa karakana.

Na kwako, msomaji: ukija na kusema "ng'oa," usikasirike nikikuuliza maswali kwanza. Sikunyimi dawa. Nakulindia gego lako. Jino likiwa gonjwa kweli, litatibiwa, na likishindikana litatoka. Likiwa zima, libaki mahali pake, likusaidie kula bukari mpaka uzeeni.

Sasa funga gazeti. Midomo pamoja, meno mbalimbali, mabega chini. Kazi njema.